Kabla Ulipie Darasa la Biashara, Ongea Kwanza na Mama wa Dandora

Unalijua lile tangazo. Limekujia saa tano usiku ukiwa kitandani, bando imebaki kidogo, na jamaa wa suti ya bluu amesimama kando ya gari ambalo pengine si lake. Anakuambia shida yako si pesa, shida yako ni fikra. Mtumie ngiri moja na mia tano kwa till, atakutumia PDF na kukuingiza kwenye grupu ya WhatsApp ambako siri za mamilionea zinamwagwa kila Jumatatu.

Shikilia hiyo pesa kwanza.

Kuna watu walishalipima swali hili hili. Mtu mwenye biashara changa Nairobi anasaidika zaidi akifundishwa darasani, au akikaa na mtu wa mtaa wake aliyemtangulia? Hawakubuni jibu wakiwa jukwaani na maikrofoni. Walienda Dandora, wakajaribu njia zote mbili, wakahesabu faida ya kila mtu, kisha wakaandika. Jibu lilichapishwa mwaka wa 2018. Lakini liliandikwa kwa Kiingereza cha wachumi, kwenye jarida la Marekani, na hakuna aliyelileta kwa grupu yako.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo usiniite daktari. Kusoma ndiko sikuacha. Ripoti nyingi za aina hii unazipata bure kwenye kurasa za hao watafiti, na ukiziruka zile hesabu zenye herufi za Kigiriki unakutana na watu unaowajua: mama mboga, jamaa wa boda, mwenye duka anayekuambia hana chenji. Ni sisi tulioandikwa pale. Nimekuchagulia chache ambazo zinagusa mfuko wako moja kwa moja.

Tuanze na hiyo ya Dandora. Ukitaja Dandora watu wanafikiria jaa la takataka au hip-hop ya Ukoo Flani. Wachumi watatu, Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson, walifikiria wanawake wenye biashara ndogo ambazo bado ni changa. Wakawagawa kwa bahati nasibu, kama kuokota karatasi kwenye kofia. Kundi la kwanza likapelekwa darasani, likafunzwa mambo ya biashara kama yanavyofundishwa chuoni. La pili halikupelekwa popote. Kila mmoja aliunganishwa na mama wa hapo hapo Dandora ambaye biashara yake imekomaa, wawe wanakutana kwa muda wa mwezi mmoja hivi. La tatu likaachwa lilivyo, ili kuwe na cha kulinganisha.

Hiyo bahati nasibu si urembo. Wanaokwenda kwa masterclass kwa hiari yao tayari ni watu wenye njaa ya kufanikiwa, na labda pia wana ngiri ya ziada. Wakifanikiwa, huwezi kujua ni darasa ama ni wao wenyewe. Ndiyo maana zile shuhuda za kwenye tangazo, “nilianza na mia tano sasa naendesha Prado”, hazithibitishi kitu. Dandora hakuna aliyejichagulia kundi, kwa hivyo tofauti iliyotokea inaeleweka imetoka wapi.

Waliounganishwa na mama, faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20. Waliokaa darasani, faida haikusonga. Na si kwamba walilala huko nyuma. Walijifunza, wakabadilisha namna ya kuendesha biashara zao. Pesa tu ndizo hazikuongezeka.

Sasa, mama alikuwa na nini ambacho mwalimu hakuwa nacho? Hakuwafunza fikra za kitajiri. Watafiti walipochimba, kitu kilichojitokeza sana ni hiki: walioshikwa mkono na mama walibadilisha mahali wanakonunua bidhaa. Walipata wauzaji wa jumla wa bei nafuu. Basi.

Chukulia unauza nyanya. Unanunua kreti kutoka kwa broka anayeleta hadi mtaani, kwa sababu ndivyo ulivyomkuta jirani akifanya. Mama ambaye amekaa kwa hiyo biashara miaka kumi anajua mtu wa Marikiti anayepunguza bei ukifika kabla jua halijatoka. Anajua siku ambazo malori yanajaa na bei inaanguka, na kreti gani imepangwa nzuri juu halafu chini ni uji. Ukiwa wa mitumba ni vilevile. Kuna mwenye bale Gikomba ambaye akikujua anakuruhusu uchague kamera kabla wengine hawajaingiza mikono, na kuna yule atakufungia bale la huzuni ulibebe hadi nyumbani. Hayo hayako kwa kitabu chochote. Hata profesa mzuri kiasi gani, hawezi kukufundisha bei ya kesho ya nyanya.

Mwalimu nampa haki yake. Kuandika rekodi kuna faida yake, hasa siku utakapoenda kuomba mkopo ama mshirika atakapokuuliza pesa zilienda wapi. Ninachosema ni kwamba biashara ikiwa na miezi sita, inakufa kwa sababu ya bei ya kununulia kabla haijafika mahali pa kufa kwa sababu ya daftari.

Lakini hii stori ina mwiba. Zile asilimia 20 hazikukaa. Kadiri jozi zilivyoacha kukutana, ndivyo faida nayo ilivyoyeyuka. Bei zinabadilika na wauzaji wanahama, kwa hivyo ulichoambiwa Machi hakitakufaa Disemba. Ukishapata mama wako, usimtoroke ukidhani umehitimu.

Tuhame Dandora twende magharibi mwa Kenya, kwa sababu kuna utafiti mwingine ambao nikiusoma nilicheka peke yangu kwa matatu. Ni kuhusu chenji.

Unajua haya mazungumzo hata ukiwa usingizini:

“Mathe, nipatie maziwa mbili na mkate.”

“Hiyo ni thao? Kastama wangu, huna ndogo?”

“Sina, mathe.”

“Basi zunguka uvunje pale kwa duka la kona urudi.”

Na wewe hurudi. Ukifika kwa duka la kona unanunua maziwa huko huko.

Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson walifuatilia biashara ndogo za magharibi wakihesabu mauzo yanayopotea namna hiyo. Wakakadiria kwamba biashara ya kawaida inapoteza kati ya asilimia 5 na 8 ya faida yake yote kwa kukosa chenji tu. Si kodi wala kanjo. Weka kwa namba zako: kama kibanda kinakuachia faida ya shilingi 20,000 kwa mwezi, hiyo ni kati ya 1,000 na 1,600 inayotembea na wateja hadi kwa duka la kona. Kwa mwaka unaongelea 12,000 hadi 19,200. Kwa mitaa mingi hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Kitu kilichonishika zaidi ni dawa yenyewe. Watafiti hawakuwapa pesa za chenji. Walichofanya ni kuwauliza maswali kila wiki: umekosa chenji mara ngapi, umepoteza wateja wangapi. Wengine wakaonyeshwa jumla ya mauzo waliyopoteza. Na hiyo pekee ikafanya watu waanze kupanga chenji vizuri, na mauzo yanayopotea yakapungua. Walikuwa wanaliona tatizo kila siku, ila hakuna aliyewahi kulijumlisha.

Najua utaniambia hiyo ni hadithi ya kale, siku hizi kila mtu analipa kwa simu. Nusu ni kweli. Kutuma shilingi 100 kwenda chini kwa M-Pesa hakuna ada, na hiyo imeua kesi nyingi za sarafu. Lakini simama kwa kibanda cha chai na mandazi saa kumi na mbili asubuhi uone. Jamaa wa mjengo amelipwa jana jioni kwa noti, simu imezima. Mwingine mtandao unazunguka tu. Mwingine hataki pesa iguse laini kwa sababu Fuliza inamngoja pale kama askari wa lango. Hao wote ni wateja, na wote wana noti kubwa. Makanga walishalisuluhisha hili zamani: “Nyinyi wawili mtagawana hiyo mia mbili mkishuka.” Wewe huwezi kuwaambia wateja wa chapati wagawane. Kwa hivyo usiku, kabla hujafunga, toa mia tano ya sarafu na noti ndogo, funga kwa karatasi, na usiiguse hadi asubuhi. Na kwa wiki mbili chora kistari kwa ukuta kila mteja akitoka bila kununua. Utashangaa vile ukuta utajaa.

Robinson huyo huyo, akiwa na Pascaline Dupas, alifanya kazi nyingine Bumala, kaunti ya Busia. Hapa swali lilikuwa pesa inalala wapi. Walichukua wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake wa sokoni pamoja na jamaa wa boda za baiskeli, wakawafungulia wengine akaunti katika benki ya kijiji. Akaunti yenyewe ilikuwa mbaya, nisikufiche. Haikuwa na riba, na kila ukitoa pesa unakatwa ada. Yaani ukiweka mia, baadaye unapata chini ya mia. Nani anaweza kuitaka?

Wanawake wa soko waliitaka. Wengi waliitumia, wakaweka akiba zaidi, wakaongeza pesa kwenye biashara, na hata matumizi yao binafsi yakapanda. Kwa jamaa wa baiskeli hakukuonekana mabadiliko. (Ndugu zangu wa boda, msinitumie matusi, ni ripoti.)

Fikiria maana yake. Mtu anakubali kukatwa ili pesa yake isikae karibu naye. Kama umewahi kukaa na elfu tatu ya stoki kwa nyumba siku ambayo binamu amekuja na shida ya hospitali, huhitaji profesa akueleze. Pesa iliyo nyumbani ni ya kila mtu. Na si kwamba watu wako ni wabaya. Kesho wewe ndiye utakuwa na shida, na binamu ndiye atakuwa na elfu tatu. Ila nyanya za kesho zinanunuliwa kesho.

Wawili hao walirudia swali hilo kwa njia rahisi zaidi, huko huko magharibi. Walipeana kisanduku chenye kufuli, ufunguo ubaki na mwenyewe, kiwe cha akiba ya afya. Homebank tu, ile ya kuuzwa kwa hadwea. Akiba ya afya ilipanda kwa asilimia 66. Mahali salama pa kuweka palitosha. Na waliofanya kwa kikundi, wakichanga na kupeana zamu kama chama, matokeo yao yalikuwa makubwa pia.

Chama kinarudi tena katika ule utafiti mkubwa wa pesa za bure wa GiveDirectly huko Siaya na Bomet. Vijiji vingine watu walipewa kidogo kila mwezi kwa miaka miwili. Vingine waliahidiwa malipo hayo ya kila mwezi kwa miaka 12. Na vingine walipewa donge moja kwa mpigo, kama dola 500. Ripoti ya 2023 ikaonyesha kwamba waliopata donge walianzisha biashara nyingi kuliko wa miaka miwili ya kidogo kidogo. Wale wa miaka 12 nao walifanya vizuri, na unajua walitumia ujanja gani? Waliingia merry-go-round. Walijua pesa ya kila mwezi inakuja kwa muda mrefu, wakaichanga, kila mtu akapata donge lake zamu ikifika. Na la kuzima wale wa “vijana wakipewa pesa watalala”: watu hawakuacha kufanya kazi. Wengi walitoka vibarua wakaenda kujiajiri.

Hivyo usimcheke shosho yako na chama chake cha Jumapili. Kile ndicho kiwanda cha kugeuza mia mia kuwa mtaji, na kilikuwepo kabla ya app yoyote.

Mikopo nitaipitia haraka, kwa sababu hapo kila mtu ana maoni. Mwaka wa 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita za mikopo midogo kutoka nchi sita, zikiwemo Ethiopia, India na Morocco. Jibu lao kwa ujumla: inasaidia kidogo, haibadilishi maisha. Hapa kwetu M-Shwari ilianza mwaka wa 2012 na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Hustler Fund iliyoanza Novemba 2022 ni asilimia 8 kwa mwaka mzima. Linganisha mwenyewe. Kama unauza smokie na mayai, pesa inazunguka kila siku, hiyo 7.5 unaweza kuimeza. Kama unanunua friji ambayo italipa polepole kwa miezi minane, ukiizungusha kila mwezi inakumaliza. Mkopo uleule unaweza kumfaa mmoja na kumzika mwingine. Inategemea stoki yako inalala muda gani.

Na kuzikana kuko. Shirika la takwimu, KNBS, lilihesabu mwaka wa 2016 na kupata biashara ndogo na za kadiri kama milioni 7.4 nchini, nyingi bila leseni. Kati ya zile zilizofungwa, karibu nusu zilikuwa hazijamaliza mwaka mmoja. Hiyo ndiyo hali ambayo jamaa wa suti ya bluu anaiuzia PDF.

Kuna jambo linanikera kwa haya yote, na silisemi ili kuwatukana watafiti, kwani bila wao nisingekuwa na cha kukuandikia. Mtu anakuja mtaani na tablet, anakaa na mama saa nzima na zaidi, anamuuliza faida yake, amekopa wapi, nani anamwomba pesa nyumbani. Anamwachia sabuni ama airtime ya mia. Mama anarudi kwa nyanya zake. Miaka mitatu baadaye jibu linatokea kwa kongamano ng'ambo, watu wanalipigia makofi, na mama bado anapoteza asilimia 5 hadi 8 kwa chenji kwa sababu hakuna aliyerudi kumwambia. Karatasi moja ya Kiswahili ingetosha. Ama sauti ya dakika mbili kwa WhatsApp.

Kwa hivyo siku watakuja kwa kibanda chako, na watakuja, kwa sababu Kenya inapendwa sana na watafiti, waulize mambo mawili kabla hujajibu la kwanza. Kibali cha NACOSTI kiko wapi? Na majibu mtaniletea lini, kwa lugha gani? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua habari zako zinatumiwa vipi na kuziona ukizitaka. Uliza kwa heshima, wengi ni vijana kama wewe wanaolipwa kwa siku. Wakisema hawajui, waambie wapigie simu bosi wao. Utangoja.

Sasa kuhusu mama wako. Usimtafute Instagram. Mtafute ndani ya dakika kumi za kutembea kutoka unapouzia, mtu ambaye amekuwepo tangu ukiwa shule, wa biashara kama yako lakini si mstari mmoja na wewe, asije akadhani umetumwa kuchukua wateja wake. Msalimie vizuri, nunua kitu, na ununue tena kesho yake. Siku ya tatu mwambie ukweli: “Mama, mimi nimeanza hapo juu karibu na stage, nauza vitu kama vyako, naomba unionyeshe njia.” Usimuulize siri ya mafanikio, hana muda wa hayo. Muulize ananunua wapi, kwa nani, siku gani. Muulize ni muuzaji yupi alimchoma. Muulize akienda tena sokoni kama unaweza kumbebea mzigo, kwa sababu akikutambulisha kwa mtu wake, bei utakayopewa haitakuwa ile ya mgeni.

Na nenda saa nane za mchana, jua likiwa kali na wateja wamepungua. Saa kumi na mbili jioni atakuwa na foleni, na mtu wa mbele atakuwa ameshika noti ya thao.